Mwalimu Asiyerowa

Nnaanza na mayai, maana kila nikimkumbuka, kabla ya kunijia sura yake hunijia harufu. Mayai matatu ya kuchemsha, kila Jumatatu na kila Jumatano, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Akikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa bwawa, akilipasua yai gotini kwake, meza ipo pale pale lakini yeye gotini, halafu akilimenya kwa kucha za vidole gumba alizoziacha ndefu kwa kazi hiyo tu. Maganda yakianguka kwenye mfereji wa maji. Nani wa kuyatoa? Mie. Miaka tisa nimechutama nikitoa maganda ya mayai ya mtu mzima mwenye mshahara wake, na mpaka leo wajukuu zangu wakichemsha mayai, mie huhama jikoni.

Watu hapa Maskati wakimtaja, humtaja kwa sifa. Ndiye aliyewafundisha mabinti zetu kuogelea, ndiye aliyewatia moyo, mwanamke shujaa yule, na kadhalika. Haya. Mie nnamweleza kama nilivyomwona, na nilimwona kwa karibu kuliko wao, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa mlangoni.

Klabu yenyewe ilikuwa Azaiba, nyuma ya maduka ya barabara kuu, na bwawa moja la mita ishirini na tano, halina paa. Siku mbili katika wiki, tangu alasiri mpaka magharibi, bwawa lilikuwa la wanawake. Siku hizo wanaume wote hutolewa, mpaka yule Mhindi wa dawa ya maji, na upande wa nyumba za jirani tukifunga turubali la kijani juu ya ukuta, maana jirani mmoja alikuwa na ghorofa na vijana wenye macho. Kazi yangu kulifunga hilo turubali, kukaa mlangoni, kuuliza "Nani?" kabla ya kufungua, kupokea viatu, kufua mataulo. Wasichana wakaniita Bi Mlango. Sikukasirika. Wengine wameitwa majina mabaya zaidi.

Kusoma kwangu mie ni chuo cha Kurani, msahafu tu, kule Unguja, na darasa la kwanza na la pili, nayo yamenitoka kichwani. Nilipokuja huku nikiwa mjane mwenye watoto watatu nikaingia madarasa ya watu wazima, nikajifunza kuandika jina langu, kwa Kiarabu na kwa herufi za kizungu. Jina tu. Habari hiyo iweke pembeni, nitairudia.

Sasa ajabu ya huyu Mwalimu ni kuwa hapana mtu aliyepata kumuona karowa. Miaka tisa! Mwalimu wa kuogelea, na maji hayakupita kifundo cha mguu wake. Akisimama juu, na baibui lake limekunjwa kiunoni, firimbi kifuani, saa ya kupimia mbio imening'inia shingoni kwa uzi mweusi, na mkononi kashika ule mpini mrefu wa wavu wa kutolea majani. Kwa mpini huo alifundishia. Msichana akizama, anachomekewa mpini ashike. Akizubaa, anagongwa kisogoni.

"Mkono! Mkono! Unayapapasa maji kama unatafuta pete?"

"Mwalimu, nimechoka."

"Umechoka nini? Maji ndiyo yanayokubeba. Yangechoka yenyewe!"

Siku moja mtoto mdogo alimrushia maji kwa mchezo, yakampata begani. Alikwenda zake nyumbani kubadilisha nguo, akatuacha na wasichana kumi na saba ndani ya bwawa na firimbi hapana. Nikabaki mie, nisiyejua kuogelea, nikipiga makofi watoke.

Nikapata kumuuliza, "Mwalimu, hivi weye kuogelea unajua kweli?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mkunga lazima awe amezaa?"

Nilikwenda nyumbani nikawaza, mkunga angalau mikono yake inarowa.

Na ile firimbi. Naitaja ile firimbi kwa sababu lazima niitaje. Ilikuwa ya chuma, na yeye akila mayai huku anaipuliza, na kiini cha yai kinaganda kwenye kile kitundu. Akiwa na kazi nyingine humwita msichana yeyote, "Njoo, puliza weye," akamtia mkononi imerowa mate. Mtoto anaitazama. Anamtazama Mwalimu. Anapuliza, afanye nini? Nimemuona mtoto wa miaka minane akipuliza huku machozi yanamtoka. Na makohozi, samahani kwa mnaokula, hayo alikuwa akiyatema kwenye mfereji ule ule wa maganda, kwa sauti, hata mama zao wakiwapo. Na mama zao walicheka. Mwalimu huyo, ana vituko! Mtu akishapewa jina la Mwalimu, hata makohozi yake ni vituko.

Ndimi alikuwa nazo mbili. Mmoja kwa wenye magari, mmoja kwa sisi wengine. Palikuwa na msichana mmoja akiletwa na gari nyeupe, kubwa, dereva wake akingoja nje na kiyoyozi kinawaka. Mama yake, Mzanzibari mwenzetu wa majumba makubwa, hakuwa mtu mbaya, nisimzulie. Lakini Mwalimu akimuona mama yule alikuwa akitembea kama anaelea. "Ahlan, ahlan, bibi yangu, mtoto wako leo kanipa raha, mkono wake laini kama samaki." Mtoto mwenyewe aliogelea vizuri, sikatai. Vizuri tu, si zaidi.

Na palikuwa na msichana wa Mawaleh. Huyu ndiye ninayemtafuta tangu nilipoanza, lakini kila nikitaka kumfikia yale mayai yananizuia njiani.

Baba yake aliuza nyanya na vitunguu kwa jumla katika soko la Mawaleh. Watu wa Oman kama sisi, lakini wa kutoka bara, Tabora, na Kiswahili chao cha bara. Basi ndiyo hivyo, nyinyi mnajua mambo yetu. Sote tumerudi hapa hatujui Kiarabu sawasawa, sote wenyeji walikuwa wakitucheka, na bado sisi wa Unguja tulipata watu wa kuwacheka. Msichana akija na pikapu ya baba yake, kakaa mbele baina ya baba na mama, nyuma maboksi. Mrefu, mwembamba, nyayo ndefu kama makasia. Akivua viatu mlangoni kwangu nikistaajabu ukubwa wake, akicheka mwenyewe: "Bi Mlango, viatu vyangu viweke chini, vitaua vya wenzangu."

Mama yake siku moja aliingia na boksi kalikumbatia kifuani. "Shikamoo Mwalimu. Baba yake amekuletea nyanya kidogo na machungwa."

"Weka hapo. Zimeoshwa?"

"Zimetoka sokoni sasa hivi, mama. Utaziosha nyumbani."

Mwalimu akangoja mama atoke, akainama akalinusa boksi. "Watu wa bara hawa," akanambia, "hata machungwa yao yananuka vitunguu." Akala chungwa. Akala la pili. Maganda, mnajua yalikokwenda.

Lakini yule mtoto akiingia majini! Mie sijui mambo ya kuogelea, nnajua mataulo. Lakini nilikuwa nikiacha taulo mkononi linachuruzika. Wengine walipigana na maji. Huyu, maji yalikuwa kama yanampisha. Akifika ukutani anapinduka, anapotea chini, na mie moyo wangu unasimama mpaka atokeze mbali kule. Na Mwalimu, hapo, mdomo uliojaa yai ulikuwa ukiacha kutafuna. Alijua. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko lote: alijua nini alichokuwa nacho mbele yake.

Niseme na mema yake, maana nisipoyasema mtasema Bi Mlango ana lake jambo. Palikuwa na msichana wa Wadi Kabir, huko nnakokaa mie, baba yake fundi wa magari, hana uwezo wa kulipa ada ya klabu. Mwalimu aliniambia, "Shoga, huyo anayeingia, weye hujamuona." Miaka miwili sikumuona. Akaogelea bure mpaka akajua, na Mwalimu hakutaka hata ahsante. Hakukosa siku hata moja, joto lile la mwezi wa sita linalochubua nyayo, yeye yupo. Na mie mwenyewe. Jioni moja wasichana wameshaondoka, nnakunja turubali, akasema:

"Shoga, miaka mitano umekaa ukingoni kama paka. Ingia."

"Mie? Na uzee huu?"

"Ingia na nguo zako. Nani anakuona?"

Nikaingia na kanga. Akanipitishia mpini chini ya mgongo. "Lala. Tazama mbingu. Usinitazame mie, mie sina namna ya kukuokoa." Nikalala. Taratibu akautoa mpini, na maji yakanibeba. Masikio yamezama, sisikii kitu, mbingu rangi ya chungwa. Nililia mule mule majini, nikidhani hatojua. Nimelea watoto watatu peke yangu, sikupata kubebwa na kitu tangu mume wangu afe. Huo wema alinitendea, na sina pa kuutia. Mtu anayekukirihi akikufanyia wema, wema wenyewe unakaa tumboni kama chakula kilicholala.

Haya. Msichana wa Mawaleh alifika mwaka wa mwisho wa sekondari. Akaandikiana na chuo kimoja ng'ambo, chuo chenye timu ya kuogelea ya wasichana, na wao wakimtaka muogeleaji wanamsomesha bure. Akanieleza yote mlangoni, anakausha nywele, midomo inamtetemeka kwa baridi na furaha. Baba yake kakubali, maajabu hayo! Kamwambia: barua ikija, nenda, nitakusindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Isipokuja, njoo dukani uandike risiti. "Na nikienda dukani, Bi Mlango, nimekwisha. Mie hapa nchini nimebakiwa na Jumatatu na Jumatano. Nikiolewa hata hizo sitozipata. Huko wanaogelea kila siku asubuhi. Kila siku!" Alilisema hilo kama mtu anayesimulia pepo.

Chuo kilitaka karatasi moja. Mita mia, kapiga kwa muda gani, na saini mbili: ya mwalimu na ya shahidi aliyekuwapo. Sasa wapimaji wenye vyeti, waliokuwa wakienda kwenye mashindano ya wavulana, wote wanaume. Hawaingii nyuma ya turubali, na msichana hatoki mbele yao. Shahidi lazima awe mwanamke. Na mwanamke aliyekuwapo kila Jumatatu na Jumatano, asiyekuwa mama wa mtu yeyote mule ndani, nani? Mie. Mwalimu alipokuja kuniambia, nilifurahi, nisiseme uongo. Nikaenda nyumbani nikafanya mazoezi ya jina langu nyuma ya kalenda.

Msichana wa gari nyeupe naye alikuwa kaomba chuo hicho hicho. Walipimwa siku moja. Nilisimama nyuma ya kiti cha Mwalimu, hatua mbili. Akaanza wa gari nyeupe, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Mwalimu akaitazama saa, akasema kwa sauti ya chini, "Moja na kumi na mbili." Yaani dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Halafu wa Mawaleh. Siwezi kueleza. Nilisahau kupumua. Alipogusa ukuta Mwalimu alipiga kelele kabla hajajiwahi, mwenyewe kasimama, yai limeanguka:

"Moja na nne!"

"Mwalimu, sema tena!"

"Moja na nne! Masikio yamejaa maji?"

Na alikuwa anacheka. Wallahi siku hiyo nilimuona Mwalimu anacheka kwa furaha ya kweli, kashika mpini kama bendera. Nikawaza, labda nimemdhulumu mwanamke huyu rohoni mwangu.

Jumatano iliyofuata akaniwekea karatasi mbili kwenye meza ya mataulo. Kizungu kitupu. "Tia hapa. Na hapa."

"Ipi ya nani?"

"Shoga, ukiambiwa utasoma? Tia."

Nikatia. Polepole, ulimi nje, herufi moja moja, najiona mtu. Mkono wangu ulikuwa na maji ya mataulo, wino ukatawanyika kidogo kwenye ile ya pili. Akapuliza ukauke, kwa mdomo ule wa mayai, akazikunja akazitia mkobani.

Kiasi cha miezi miwili hivi ikapita. Siku ya Jumatatu msichana wa gari nyeupe kaja na sinia ya haluwa, anatugaia. "Bi Mlango, nimepata! Wamenikubali! Wameandika wamependezwa na moja na nne yangu."

"Moja na ngapi?"

"Nne. Hata mie nilistaajabu, nilisikia kumi na mbili. Mwalimu kasema masikio yangu yalijaa maji."

Mtoto wa watu, wala hakuwa na habari. Anacheka. Nikaiweka haluwa juu ya mataulo. Nikamtazama Mwalimu kule ukingoni, anamenya. Na hapo ndipo nikakumbuka kuwa mwanawe wa kiume, aliyekaa nyumbani mwaka mzima hana kazi, mwezi ule kaingia kazini ofisini kwa baba wa gari nyeupe. Sikuwa na haja ya kusoma Kizungu. Zile nambari mbili kazibadilishia majina.

Msichana wa Mawaleh alikuja Jumatano, hakuvua viatu. Barua mkononi. "Bi Mlango, wanasema moja na kumi na mbili haiwafai. Mie lini nimepiga moja na kumi na mbili? Nimemuuliza Mwalimu, kasema ndivyo saa ilivyosema. Baba kazungumza na chuo kwa simu. Wamesema shahidi akiandika barua kuwa kulitokea makosa, watanipima upya huko huko kwao. Mtu mmoja tu, Bi Mlango. Mie nitaiandika, weye utie jina. Ulikuwapo."

Mnangojea niseme nilitia jina. Mngojee sana.

Niliwaza hivi: nikisema karatasi ile ni ya uongo, saini yangu imo. Watasema Bi Mlango katia saini uongo. Mwalimu atanitoa, na mlango ule ndio kodi yangu ya nyumba. Niliwaza hayo kwa muda wa kukunja taulo moja. Kisha nikasema:

"Mwanangu, mie kusoma saa ile sijui."

"Sikukwambia usome. Nnakuuliza, ulisikia?"

Nikamwambia, na uso wangu mkavu: "Maji yalikuwa na kelele."

Akanitazama. Hakulia, hakunitukana. Akaikunja barua, akasema, "Haya, Bi Mlango," akatoka, na mlango niliufunga mie mwenyewe nyuma yake. Hakurudi tena. Pikapu ile sikuiona tena Azaiba.

Na mie nikabaki miaka minne zaidi, nikitoa maganda. Kila siku nikimchukia Mwalimu zaidi, na chuki ile, niseme kweli, ilinistarehesha. Nikiokota ganda najiambia, mchafu huyu, mla mayai, mla haki za watoto. Nikijiambia hivyo usingizi unakuja vizuri.

Tukaachana, klabu ikauzwa, bwawa likafukiwa, pakajengwa maduka. Ikapita miaka. Mwalimu kastaafu, mie magoti yamekwisha, nnakaa Wadi Kabir ghorofa ya pili juu ya duka la tairi, na mwanangu na wajukuu. Siku moja karibu na msimu wa Hija, kabla ya adhuhuri, mlango unagongwa.

"Nani?" Mazoea.

"Fungua, shoga, ngazi zimeniua."

Kazeeka, kavimba miguu, anahema. Mkononi mfuko wa nailoni umefungwa fundo. Nilikaribia kuufunga mlango. Akaingia, akakaa kwenye kochi langu, akafungua mfuko. Tena gotini, paa!

"Nnakwenda Makka mwaka huu, Mungu akipenda," akasema. "Nimekuja kutaka radhi. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutokujua, nisamehe."

Mnajua ada yetu hiyo. Mtu haendi kule na haki za watu shingoni. Lakini wengi wanaizungukia kama wanavyogawa kadi za harusi: nisamehe, nishakusamehe, kahawa, haya kwa heri. Nikamuona kaja kuniosha kama sahani moja katika sahani zake nyingi, mdomoni yai. Damu ikanipanda. Nikasema, tena kwa raha, maana jambo hilo nililiweka miaka yote:

"Langu dogo. Mawaleh umekwenda?"

Nilijua atababaika. Atasema mbali, foleni, miguu.

"Nimekwenda," akasema. "Ndiko nilikoanzia."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Nimemkuta dukani kwa baba yake, ndiye anayeliendesha sasa. Ana watoto wawili wa kike. Majini hajaingia tangu siku zile, kaniambia mwenyewe. Nikamwambia mbele ya watu wa duka: nilikuibia moja na nne yako, nikampa mwenzio, kwa ajili ya kazi ya mwanangu. Nikamwambia nipige ukitaka." Akatafuna. "Akaniagizia chai."

"Kakusamehe?"

"Kanambia, 'Mwalimu, weye nilikuwa nnakujua. Sikukutegemea kwa lolote. Nimekusamehe zamani, nenda uhiji.' Halafu akaniuliza, 'Bi Mlango mzima?' Nikamwambia mzima. Akasema, 'Yeye mbona haji?'"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliyatazama maganda yanaanguka kwenye zulia langu, sikuinama.

"Sikujua kusoma," nikasema.

"Najua," akasema Mwalimu. "Ndiyo maana nilikuchagua weye." Akafuta mikono kwenye mfuko. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetoa kitu cha mwisho kilichobaki mkobani. "Gari yangu iko chini. Barabara saa hizi haina watu. Unakuja?"

Nilivaa baibui langu. Gari ilinuka kama ambavyo mnaweza kukisia, na dirisha la upande wangu halifunguki. Tulipita Azaiba, penye yale maduka, hakuna kati yetu aliyegeuza shingo. Mie nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, kama zamani nilivyofanya mazoezi ya jina, na kila nilichokitunga kilianza na Mwalimu: Mwalimu alinidanganya, Mwalimu alinambia tia. Nikikitupa. Nikitunga kingine. Nacho kinaanza naye.

Saa hizo za mchana yuko kwake, si dukani, akasema Mwalimu, akasimamisha gari mbele ya nyumba yenye lango la bluu. Pikapu imeegeshwa kivulini. Pembeni ya kizingiti, viatu vimepangwa: vidogo jozi mbili, na chini yake, peke yake, jozi moja kubwa.

"Mie nakungojea hapa," akasema Mwalimu. "Sina namna ya kukuokoa huko." Akafungua mfuko.

Nikagonga. Nikasikia nyayo, nzito, ndefu, zinakuja, zikasimama upande wa pili.

"Nani?"

Nilikuwa nimeliuliza neno hilo miaka tisa, sikupata kujua lilivyo gumu kulijibu. Mdomo ulifunguka useme Bi Mlango. Nikauzuia. Nikasema jina langu khasa, lote, la baba na la babu, kama nilivyoliandika siku ile kwenye karatasi mbili. Nikaongeza, kabla hajafungua, nikiogopa akifungua sitaweza tena:

"Nilisikia moja na nne."